Luigi Amedeo: mtoto wa mfalme aliyeacha vidole kwenye barafu, kisha akapanda Ruwenzori

Kilele kirefu kuliko vyote vya nchi yetu kinaitwa Margherita. Kiko mita 5,109 juu ya bahari, kwenye milima ya Ruwenzori, fasi mpaka wa Kongo na Uganda unapita katikati ya barafu. Jina hilo si la Kinande wala la Kikonzo. Ni jina la malkia wa Italia. Mtu aliyeliweka pale, mwezi wa sita mwaka wa 1906, alikuwa mtoto wa shemeji wa malkia huyo. Anaitwa Luigi Amedeo wa Savoia, na wengi wanamjua kwa cheo chake, Mkuu wa Abruzzi. Siku alipofika juu, mkono wake mmoja haukuwa mzima. Sehemu za vidole viwili zilikuwa zimekatwa miaka sita mbele ya hapo, kaskazini kabisa mwa dunia, juu ya baridi.

Waandishi wengi wanaoandika maisha yake wanapenda vilele na vyeo. Sisi tutakaa zaidi kwenye vidole, na tuko na sababu. Hapa Kalemie baridi tunayoijua ni upepo wa ziwa asubuhi ya mwezi wa saba, ule unaofanya wavuvi wavae koti mbili. Lakini familia nyingi za hapa na za upande wa Fizi ziko na mtoto ao ndugu aliyepitia kambi ya Nyarugusu kule Tanzania, kisha akapelekwa Kanada, Marekani ao Norvege. Huyo anakutana na baridi ile iliyomkata mtoto wa mfalme. Na ngozi yake, tutaona mbele, inaumia upesi zaidi kuliko ya mwenyeji wa kule.

Luigi Amedeo alizaliwa Madrid, Hispania, tarehe 29 mwezi wa kwanza 1873. Baba yake Amedeo, mtoto wa mfalme wa kwanza wa Italia, alikuwa ameombwa kuja kutawala Wahispania, na kazi ilimshinda. Mtoto hakuwa hata na wiki mbili wakati baba yake aliacha kiti, na familia ikarudi Italia. Mama yake alikufa mwaka wa 1876. Basi huyu mtoto alianza maisha bila ufalme na bila mama, na alikuwa bado mdogo sana wakati walimpeleka kwenye mafundisho ya jeshi la majini. Meli njo ilimlea.

Alipokuwa kijana alitumwa na meli ya kivita mpaka pwani ya Somalia. Katika ujana huo alianza pia kupanda milima ya Alpes, na alionekana ana mapafu na moyo wa kazi hiyo. Mwaka wa 1897, akiwa na miaka 24, aliongoza kundi lililofika mara ya kwanza juu ya mlima Saint Elias, kwenye mpaka wa Alaska na Kanada, mita 5,489. Kutoka siku hiyo magazeti ya Ulaya yalianza kumfuata.

Kisha akataka kufika ncha ya kaskazini ya dunia, fasi ambayo hakuna mtu alikuwa amekanyaga. Alinunua meli ya zamani ya wavuvi wa Norvege, akaibadilisha jina, ikawa Stella Polare, maana yake Nyota ya Kaskazini. Waliondoka Norvege mwezi wa sita 1899, Waitaliano na Wanorvege pamoja, na mbwa wengi wa kuvuta vigari vya thelujini. Walifika kwenye visiwa vya Franz Josef, wakatia nanga katika ghuba ya Teplitz. Pale barafu ya bahari iliibana meli kwa pande zote mpaka mbao zikapasuka na maji yakaingia. Ilibidi watoe vitu vyote, wajenge mahema makubwa pwani, wakae humo majira yote ya baridi. Kule usiku wa baridi unachukua miezi. Jua halitoki kabisa.

Njo katika usiku huo Luigi Amedeo aliumia. Walikuwa wanatoka nje mara kwa mara kuzoeza mbwa na kujizoeza wenyewe kwa safari ya mbele, na siku moja vidole vyake viliganda. Munganga wa msafara, Pietro Achille Cavalli Molinelli, alijaribu kuviokoa, alivingojea, lakini mwishowe alikata sehemu zilizokufa za vidole viwili. Mkubwa wa msafara akawa mgonjwa. Kidonda kibichi hakiwezi kutembea miezi mitatu kwenye barafu, kwa hiyo aliacha uongozi wa safari ya ncha kwa msaidizi wake, kapiteni Umberto Cagni, na yeye akabaki kambini.

Hapa tusimame kidogo, juu watu wengi wanafikiri baridi inakata kidole sawa kisu, mara moja. Si hivyo. Kidole kinakufa kwa hatua, na mara ingine hatua mbaya zaidi inakuja kisha baridi kuisha.

Mwili ukiona baridi kali unalinda kwanza moyo, tumbo na kichwa. Mishipa midogo ya vidole, pua na masikio inajifunga ili damu ya moto isipotee nje. Kidole kinakosa damu, kinakufa ganzi, kinakuwa cheupe na kigumu sawa mshumaa. Ngozi ikishuka chini ya sifuri, maji yaliyo kati ya chembe za mwili yanaanza kuganda. Barafu hiyo inavuta maji kutoka ndani ya chembe, na chembe inasinyaa kama dagaa juu ya mchanga wa pwani. Zingine zinapasuka. Hapo mtu hasikii maumivu, na hiyo njo hatari yenyewe: anaweza kuendelea kufanya kazi na mkono ambao tayari unakufa.

Maumivu yanakuja wakati kidole kinapata joto. Damu inarudi, lakini inakuta mishipa iliyoharibika. Kuta zake zinavuja, mkono unavimba, malengelenge yanatoka. Na pamoja na damu wanafika askari wa mwili, zile chembe nyeupe za damu.

Wa kwanza kufika wanaitwa nyutrofili. Wanakuja kwa saa chache tu, kwa wingi, sawa watu wanaosikia kelele za moto mtaani. Kazi yao ni kumeza vijidudu na kumwaga sumu kali inayoviua. Ngozi iliyopasuka inawahitaji sana, maana bila hao kila uchafu ungeingia. Lakini nyutrofili hachagui vizuri. Sumu yake inaunguza pia chembe nzima zilizo jirani. Tena wanajibandika kwenye kuta za mishipa midogo, pamoja na damu inayoganda, mpaka njia inaziba. Kidole kilichokuwa kimeanza kupata damu kinakosa tena. Kwa hiyo sehemu moja ya kidole inauawa na baridi, na sehemu ingine inauawa na vita ya kuiokoa. Wanganga wa leo wanajua hilo, na dawa wanazotoa kwenye lopitali kubwa za nchi za baridi, zinazofungua mishipa ao zinazoyeyusha damu iliyoganda, zinafaa kama mgonjwa amefika upesi, mbele njia hazijazibwa kabisa.

Kisha siku moja ao mbili wanafika wengine, wakubwa na wenye mwendo wa pole. Wanaitwa makrofaji. Wanazaliwa kutokana na chembe zinazotembea katika damu, na wakiingia kwenye kidonda wanabadilika. Hao wanakula mabaki: chembe zilizokufa, vijidudu, hata nyutrofili waliomaliza kazi. Bila hiyo usafi, hakuna kujenga. Lakini jambo la ajabu ni kwamba makrofaji akisha kufagia anageuza kazi yake. Anaacha kupigana, anaanza kutuma ujumbe wa kemikali. Ujumbe mmoja unaita mishipa mipya ichipuke. Mwingine unaita chembe zinazofuma nyuzi ngumu za ngozi, ile kolajeni. Na chembe za juu ya ngozi zinaanza kutambaa kutoka pembeni ya kidonda kuelekea katikati, pole pole, mpaka zinakutana.

Geuzo hilo la makrofaji njo siri ya kidonda kupona. Kama hawageuki, kama wanabaki kupigana tu wiki nyingi, kidonda hakifungi. Hapa kwetu tunaona jambo hilo kwa wagonjwa wa sukari wenye vidonda vya mguu: kila siku kinasafishwa, kila siku kiko vilevile. Na mtu anayemwaga majivu ao mafuta ya gari kwenye kidonda anawarudisha askari kwenye vita upya kila asubuhi.

Kwa kidole cha Luigi Amedeo, kazi hiyo yote ilifanyika kwenye hema, usiku wa miezi. Pale damu ilipokosa kabisa, nyama ilikauka ikawa nyeusi. Kati ya nyama nyeusi na nyama hai mwili unachora mstari wenyewe, na askari wale njo wanaochora. Munganga mwenye subira anangojea mstari uonekane vizuri, wiki na hata miezi, ili asikate zaidi ya kinachohitajika. Ni kazi ngumu kungoja wakati mtu anaona kidole chake kinakuwa mkaa.

Je, wakati ule wanganga walijua habari hiyo ya askari? Walianza kujua. Mwaka wa 1882, Luigi Amedeo akiwa mtoto wa miaka tisa, Mrusi mmoja aliyeitwa Elie Metchnikoff alikuwa Messina, kwenye kisiwa cha Sicilia huko huko Italia. Alichoma miiba midogo kwenye mwili wa kiluwiluwi cha kiti cha pwani, mnyama wa bahari anayeonekana kama kioo, na asubuhi yake alikuta chembe zinazotembea zimezunguka mwiba kwa kila upande. Kutokana na hapo alifundisha kwamba chembe hizo zinakula adui na zinalinda mwili. Wataalamu wengi wa Ujerumani walimpinga kwa miaka, wakisema ulinzi uko kwenye maji ya damu, si kwenye chembe. Alipewa zawadi ya Nobel mwaka wa 1908, pamoja na Paul Ehrlich aliyekuwa wa upande ule mwingine. Jina makrofaji ni yeye aliyeliweka.

Lakini elimu ya Metchnikoff ilikuwa bado ya darubini. Kwenye kitanda cha mgonjwa, desturi iliyotawala ilikuwa ya vita vya Napoléon. Dominique Larrey, munganga wake mkubwa, aliona kule Urusi mwaka wa 1812 namna askari walivyoweka miguu iliyoganda karibu ya moto. Usiku nyama inaungua bila wao kusikia, kesho wanatembea inaganda tena. Alisema moto unaua, na alikuwa na haki. Lakini alishauri kusugua fasi iliyoganda na theluji, na hapo alikosea, na wanganga wakamfuata zaidi ya miaka mia moja. Kusugua kunapasua chembe zilizo na barafu ndani, na theluji inaongeza baridi. Ni katikati ya karne ya 20 tu maji ya uvuguvugu yalipokubaliwa.

Turudi kwenye hema. Mwezi wa tatu 1900 Cagni aliondoka kuelekea kaskazini na vigari na mbwa. Watu watatu aliowarudisha njiani ili kupunguza midomo ya kulisha hawakuonekana tena mpaka leo: afisa Francesco Querini, fundi wa mashine Stökken wa Norvege, na kiongozi wa milima Felice Ollier. Cagni mwenyewe aliganda kidole njiani na akajikata nyama iliyokufa. Tarehe 25 mwezi wa nne alifika digrii 86 na dakika 34 za kaskazini, karibu kilometa 37 mbele ya fasi Nansen wa Norvege alikuwa amefika. Hakuna mtu aliyekuwa amekwenda mbali hivyo. Ncha yenyewe ilibaki mbali. Kurudi kulikuwa karibu kuwaua, juu barafu ya bahari ilikuwa inatembea na kuwasukuma pembeni ya kisiwa, na walifika kambini mwezi wa sita wakiwa wamekula mbwa wao.

Meli ilitengenezwa, ikatolewa kwenye barafu, na mwezi wa tisa walikuwa Norvege. Hapo Luigi Amedeo alipokea habari kwamba baba yake mkubwa, mfalme Umberto wa kwanza, bwana ya malkia Margherita, alikuwa amepigwa risasi na kuuawa kule Monza mwishoni mwa mwezi wa saba. Alitoka na miaka 26 na mikono mizima, alirudi bila vidole, bila watu watatu, na bila mfalme aliyemtuma.

Mtu mwingine angebaki nyumbani. Huyu, mwaka wa 1906, alishuka Mombasa. Alipanda gari moshi mpaka ziwa Victoria, meli mpaka Entebbe, kisha kwa miguu mpaka Fort Portal, na Cavalli Molinelli yule yule aliyemkata vidole alikuwa pamoja naye. Cagni pia alikuwa kwenye safari. Mpiga picha alikuwa Vittorio Sella, na picha zake bado ni nzuri kuziangalia.

Ruwenzori ilikuwa imeshapita katika hadithi za Wagiriki wa zamani na katika kitabu cha Stanley, aliyeona theluji yake mwaka wa 1888. Lakini hakuna Mzungu aliyefika juu. Mawingu yanafunika milima hiyo karibu mwaka mzima, na matope yake yanaingia mpaka magoti. Kambi kubwa iliwekwa Bujongolo, chini ya mwamba unaoinama, karibu mita 3,800. Tarehe 18 mwezi wa sita Luigi Amedeo na viongozi wake wa milima walifika vilele vya Alexandra na Margherita. Kwa wiki zilizofuata kundi lake lilipanda vilele vikubwa vyote, likachora ramani, likapachika majina: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi. Yote ya wageni. Kongo wakati ule ilikuwa bado mali ya Léopold wa pili, na hakuna aliyeuliza upande wetu mlima unaitwaje.

Wabeba mizigo walikuwa Wakonzo, ndugu wa Wanande wa Beni na Butembo. Waliwabebea chakula, mahema, mashine za picha, kutoka mabonde ya ndizi mpaka kwenye barafu, wengi bila viatu. Wazungu walikuwa na buti za ngozi, soksi za sufu na gloves. Jina la mtu aliyepoteza vidole kule Aktiki limeandikwa kwenye vitabu, la munganga aliyemkata pia limeandikwa. Miguu ya wabeba mizigo haikupata mwandishi. Mimi naona hiyo ni hesabu iliyobaki wazi.

Na si jambo dogo, juu uchunguzi wa majeshi ya Marekani na Uingereza umeonyesha mara nyingi kwamba askari weusi wanapata majeraha ya baridi zaidi kuliko weupe waliosimama nao fasi moja, wakivaa nguo za namna moja. Mishipa ya vidole vyao inajifunga kwa nguvu zaidi na inachelewa kufunguka. Si udhaifu wa moyo ao uvivu, sawa makamanda wengine walivyosema. Ni mwili.

Kuna jambo lingine ambalo ndugu zetu wa Kanada wanaliona na linawatia woga. Ngozi nyeusi iliyoganda ikipona, mara nyingi inabaki na baka jeupe. Watu wanafikiri ni ukoma ao ni kulogwa. Sababu yake ni kwamba chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi hazivumilii baridi. Zinakufa mbele ya zingine. Zile nyuzi za kolajeni, kinyume chake, zinavumilia sana, na njo maana jeraha la baridi lisilo la ndani mara nyingi linafunga na kovu dogo kuliko la moto: makrofaji na wenzake wanakuta nguzo za nyumba bado zimesimama, wanajenga juu yake. Wanganga wa ngozi wanatumia elimu hiyo wanapoua chunjua kwa nitrojeni iliyogeuzwa kuwa majimaji. Nyama inapona vizuri, lakini rangi inaweza kuchelewa ao isirudi kabisa, na mgonjwa mweusi ana haki ya kuambiwa hilo mbele.

Hata hapa Kalemie baridi inaweza kuunguza. Wachezaji wetu wa mpira wanaweka kipande cha barafu moja kwa moja kwenye kifundo cha mguu, wanafunga na kitambaa, wanasahau. Ngozi chini yake inaweza kuganda. Kitambaa kiwekwe kati ya barafu na ngozi, na kisha dakika 15 ao 20 barafu itoke.

Kwa aliye mbali, mambo ya kumtumia kwenye simu ni haya. Kidole kikiwa cheupe, kigumu, bila maumivu, aingie ndani, atoe gloves na viatu vyenye maji. Asisugue, wala asikiweke kwenye moto ao kwenye shofaji, juu hasikii joto na atajichoma. Kiingizwe katika maji ya uvuguvugu, digrii 37 mpaka 39, karibu nusu saa, mpaka kinakuwa laini na rangi inarudi. Kitauma sana, na kuuma huko ni dalili kwamba mishipa bado inafanya kazi. Kama kuna hatari ya kuganda tena njiani, heri asikiyeyushe kwanza, maana kuganda mara mbili kunaharibu kuliko mara moja. Asipasue malengelenge. Aende lopitali siku ile ile, na aulize juu ya chanjo ya pepopunda.

Luigi Amedeo hakuacha baridi kisha Ruwenzori. Mwaka wa 1909 alikwenda kwenye K2, mlima wa pili wa dunia kwa urefu. Hakuufikia juu, lakini mgongo wa mlima alioujaribu unaitwa Abruzzi mpaka sasa na njo njia wapandaji wengi wanapita. Mwezi wa saba mwaka ule, kwenye mlima Chogolisa, alifika karibu mita 7,500, urefu ambao hakuna aliyejulikana kuufika mbele yake. Kwa upande wa moyo hakufaulu. Alimpenda Katherine Elkins, binti wa seneta wa Marekani, na familia ya mfalme haikukubali binti asiye wa ukoo wa kifalme. Hakuoa maisha yake yote.

Katika vita ya kwanza ya dunia alikuwa mkubwa wa jeshi lote la majini la Italia, na hapo historia ilimrudisha kwenye miguu iliyoganda. Mwisho wa mwaka wa 1915 jeshi la Serbia lilikimbia adui kwa kuvuka milima ya Albania katikati ya theluji. Maelfu walikufa njiani kwa njaa na baridi. Waliobaki walifika pwani wakiwa mifupa, wengi na vidole vyeusi, na meli za Italia, za Ufaransa na za Uingereza ziliwachukua, zaidi ya watu 100,000, wengi wao wakapelekwa kisiwa cha Corfu. Yule aliyeongoza meli za Italia katika kazi hiyo alijua kwa mkono wake mwenyewe kidole kilichoganda kinafananaje. Mwanzoni mwa 1917 aliacha uongozi wa jeshi.

Alimalizia maisha Somalia, kwenye jua. Kutoka mwaka wa 1920 alianzisha kampuni ya kilimo kwenye mto Shebelle, karibu ya Jowhar, akachimba mifereji, akalima pamba, miwa na ndizi. Wengine wanamsifu kwa shule na lopitali ya kijiji kile. Tukumbuke tu kwamba udongo ulikuwa wa Wasomali wa mto, na kwamba kazi ya mashamba chini ya ukoloni wa Italia haikuwa ya hiari kwa kila mtu. Msomaji wa Kongo anajua hadithi ya namna hiyo bila kuelezwa mara mbili. Mwaka wa 1928 mpaka 1929, akiwa tayari na miaka 55, alifuata mto Shebelle mpaka kwenye chemchemi yake kule Ethiopia.

Kansa ilimkamata. Alikwenda Italia kuaga, kisha akarudi Somalia, na alikufa kwenye kijiji chake tarehe 18 mwezi wa tatu 1933, akiwa na miaka 60. Alikuwa amechagua kuzikwa pale, karibu ya mto.

Mwaka mmoja mbele ya kifo chake, mwaka wa 1932, msafara wa Wabeljiki chini ya Xavier de Grunne ulipanda Ruwenzori kutoka upande wa Kongo. Njia hiyo inaanzia Mutwanga, katika teritware ya Beni, ndani ya mbuga ya Virunga. Wakati Luigi Amedeo alipofika, barafu ya Ruwenzori ilifunika zaidi ya kilometa mraba 6. Mwanzoni mwa karne hii wachunguzi walipima, wakakuta haifiki hata kilometa mraba 1, na inaendelea kupungua.